Mkono Uliokuwa Ukipiga Namba ya Joyce

Saa ya mnyororo sijawahi kuwa nayo. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila kijana anayefika hapa kwangu Akheri kuniuliza habari za kazi, akishaniamkia na kukaribishwa chai, huzungusha macho ukutani akiitafuta. Mmeiona kwenye filamu: mtu anatikisa saa, mwenzake anasinzia, anaambiwa yeye ni jogoo, anawika. Mimi nimekuwa muuguzi wa afya ya akili tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo nilitumia hipnosisi kuwasaidia watu kuacha tabia zilizowashinda: sigara, ugoro, kung'ata kucha hadi damu, kunyofoa nywele, kula udongo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwika.

Wagonjwa wetu hawakulitumia jina hilo gumu. Walisema kutulizwa. "Sista Anande, nimekuja kutulizwa." Neno lao ni zuri kuliko la vitabuni, maana ndicho kinachotokea. Mtu anakaa, anapumua, akili inaacha kurandaranda na kutua mahali pamoja. Hasinzii. Anasikia pikipiki ikipita barabarani, anasikia mimi nikikohoa, na akitaka kuondoka ananyanyuka na kwenda zake. Ila katika utulivu ule maneno humwingia kama mvua inavyoingia shamba lililotifuliwa. Ndiyo siri yote. Kilichobaki ni kujua maneno gani, kwa nani, na lini unyamaze.

Aliyenifundisha ni Daktari Rajabu, Mungu amrehemu, mtu wa Pangani aliyeletwa Arusha kikazi akaoa huku na kuzeekea huku. Alisomea ng'ambo, akarudi na ujuzi ambao wenzake hospitalini waliuona kama mazingaombwe. Alikuwa mpole, na sauti yake ilikuwa nzito, ya kukokota. Siku moja akaja mzee mfugaji kutoka upande wa magharibi wa mlima, pua imechubuka kwa ugoro, anataka kuacha. Daktari akamketisha, akaanza kumtuliza.

"Uko ufukweni," akamwambia. "Mawimbi yanakuja taratibu. Maji ni ya uvuguvugu. Yanafika miguuni pako."

Mzee akakunja miguu, akaipandisha kitini. Daktari alikuwa amefumba macho mwenyewe, hakuona, akaendelea na mawimbi yake. Mzee akashika kiti kwa mikono miwili. Mwisho akafumbua macho na kusema kwa heshima zote, "Daktari, naomba unirudishe nyumbani. Na ng'ombe zangu tumewaacha wapi?"

Tulicheka mpaka machozi, na Daktari alicheka kutushinda. Lakini mzee alipokwisha kuondoka, alinigeukia akiwa hacheki tena. "Nilimpeleka kwetu," akasema. "Nilipaswa kumwuliza kwao ni wapi." Mzee alipokuja tena aliulizwa, akasema anapopumzika ni langoni mwa boma jioni, mifugo ikiingia. Tukampeleka huko. Ugoro aliuacha, si kwa siku moja, lakini aliuacha.

Lugha nayo ni vivyo hivyo. Huku kwetu, kwa wazee wengi, Kiswahili ni lugha ya shule, ya mahakama na ya askari. Mwambie bibi wa Kimeru kwa Kiswahili alegeze mabega, atayakaza kama anayekaguliwa. Mwambie hayo hayo kwa lugha aliyobembelezewa nayo mgongoni mwa mama yake, mabega yanashuka kabla hujamaliza sentensi. Kama hujui lugha ya mtu, mpeleke kwa mwenzako anayeijua. Hutapungukiwa na kitu.

Tena ulizeni ni nani asiyeitaka hiyo tabia. Mama mmoja alimleta mumewe akiwa amemkamata shati. "Sista, huyu mlaze. Akiamka awe anaichukia pombe, na ikiwezekana awe anapenda kanisa." Nikamgeukia yule bwana, nikamwuliza yeye mwenyewe amekuja kwa shida gani. Akanijibu, "Mimi? Mimi nimemsindikiza mke wangu." Nikawapa chai, tukaongea, wakaondoka. Hakuna mlango wa kumwingia mtu ambaye hajaufungua. Baadaye yule bwana alirudi peke yake, shati limenyooka, akasema amechoka. Hapo nikampeleka kwa daktari kwanza, na nyinyi mfanye hivyo hivyo, kwa sababu mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kuanguka kifafa. Maneno matamu hayatibu hilo.

Nimewatangulizia hayo ili mnielewe nitakapowaeleza habari za Mama Joyce. Mwenyewe ameniruhusu kuisimulia. Majina nimeyabadilisha.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Usa River, kwenye chumba kidogo cha unasihi chenye viti vitatu na dirisha linalotazama migomba. Asubuhi moja akaja kijana wa makamo, dereva wa bodaboda, kofia ngumu mkononi. Jina lake Gideoni. Alikuwa na mama yake, mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge vizuri na kutazama sakafu.

"Shikamoo Sista. Nimesikia wewe unaweza kuingia kwenye kichwa cha mtu," Gideoni alisema.

"Marahaba. Hapana, siwezi. Kuna nini?"

"Nataka umfutie mama namba. Namba ya simu. Imekaa kichwani, haitoki."

Nikamwomba akae, anieleze toka mwanzo. Mama hakusema neno.

Dada yake Gideoni, Joyce, alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua, upande wa kufungasha. Alipanga chumba karibu na kazini, na kila alfajiri, akiwa anajiandaa kwenda kazini, alimpigia mama yake huko juu mlimani. Mazungumzo yao hayakuwa na jambo. Mama umeamkaje, nimeamka salama, ng'ombe je, mvua je, haya mama nachelewa. Kisha Joyce akaumwa kichwa na shingo. Walimkimbiza hospitali, madaktari wakasema ni homa ya uti wa mgongo, na kabla wiki haijaisha ndugu wakamrudisha nyumbani kwa mazishi.

Baada ya wageni wa matanga kutawanyika, mama alianza kupiga yeye. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, alichukua simu na kupiga namba ya Joyce. Simu ya Joyce ilikuwa imezimwa. Yule mwanamke wa kwenye mtambo alimwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka simu, akawasha moto. Gideoni alijua, na hakuona ubaya. Kila mtu na namna yake ya kulia.

Ila nyote mnajua laini isipotumika kwa muda mrefu kampuni humpa mtu mwingine. Siku ikafika mama akapiga, na simu ikaita.

Hapa mama aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Iliita," aliniambia kwa Kimeru. "Nikasimama. Ikaita tena. Halafu msichana akasema, haloo."

"Ukafanya nini?"

"Nilishika mlango nisianguke."

Hakusema neno kwenye simu. Yule msichana aliuliza ni nani, akauliza tena, akakata. Kesho yake alfajiri mama akapiga tena. Na keshokutwa. Alijua si Joyce. Alinitazama machoni akarudia, "Sista, mimi sijachanganyikiwa. Nilijua si yeye." Lakini namba ilikuwa ileile, na saa ilikuwa ileile, na upande wa pili mtu alikuwa hai, anapumua, anasema haloo.

Msichana huyo tulikuja kumfahamu. Aliitwa Zuhura, alikuwa akikaa mjini Kaloleni na mumewe Hamisi, fundi cherehani. Hawakuwa na muda mrefu tangu waoane. Hamisi kila akirudi kutoka sala ya alfajiri alikuta simu ya mke wake inaita, mke anapokea, hakuna anayeongea. Alipouliza ni nani, Zuhura alisema hajui. Ukimwambia mume hivyo mara moja atakubali. Hamisi alisikia jibu hilo hilo asubuhi baada ya asubuhi, na mwisho akaichukua namba iliyopiga, akaipiga mwenyewe.

Siku hiyo mama alikuwa anakamua ng'ombe. Simu akapokea Gideoni.

"Sauti ya mwanaume," Gideoni alisema, akikunja ile kofia yake kama vile inakunjika. "Yule bwana alitaka kujua ni nani anampigia mke wake, na mimi nikasema haloo kwa hii sauti yangu. Alinitukana, Sista. Nilijaribu kumweleza, akakata. Nikipiga hapokei. Baadaye jirani yake akaipokea, akaniambia mke amerudishwa kwa wazazi wake Kondoa. Amepelekwa na begi."

Gideoni akamnyang'anya mama simu. Mama akaazima ya jirani. Jirani akaambiwa asimpe, mama akaenda dukani akaomba ya muuza duka. Namba alikuwa nayo kichwani, na laini ile sasa ilikuwa Kondoa pamoja na Zuhura, na kila ilipoita alfajiri wazazi wake nao wakaanza kumtazama binti yao kwa jicho lingine.

"Ndiyo maana nataka uifute," Gideoni alisema.

Nikamwambia ukweli: siwezi kufuta kitu kichwani mwa mtu, na hata ningeweza nisingefanya, kwa sababu pamoja na namba ile yangetoka mambo mengine ambayo hatujui yameshikana nayo vipi. Nikamwomba atusubiri nje. Kisha nikavuta kiti karibu na mama, nikahamia Kimeru.

"Mama Joyce, mwanao ameniambia anachotaka yeye. Wewe unataka nini?"

Alikaa kimya muda mrefu. Nje migomba ilikuwa inapigwa na upepo. Nilimwacha. Vijana wengi mnaogopa kimya cha mgonjwa, mnakijaza maswali. Kiacheni.

"Nataka nisiwaharibie watu nyumba," alisema mwishowe. "Nikilala naapa sitapiga. Nikiamka mkono umeshaenda. Unaenda wenyewe, mimi nafuata. Lakini Sista, ukiniondolea ile sauti, alfajiri nitaamkia nini?"

Nikamwambia Joyce haondolewi na mtu. Tutashughulika na mkono tu. Akakubali, na kukubali kwake ndiko kulikofungua kazi.

Nilimwuliza mahali anapopumzika. Akasema ni jikoni kwake, kabla watu hawajaamka. Nilisita, maana jikoni ndiko simu ilikokuwa ikipigwa. Nikataka kumtafutia mahali pengine salama zaidi, mtoni au shambani. Kisha nikamkumbuka mzee wa watu na miguu yake juu ya kiti, nikanyamaza, tukaenda jikoni.

Sikumwamuru afumbe macho. Nilimwambia yakitaka kufumba ayaruhusu. Nikawa nasema anapotoa pumzi, nanyamaza anapovuta. Jifunzeni hilo, lina faida kuliko maneno mengi. Nikamtajia mafiga yake, majivu ya jana, kuni alizopanga jioni, baridi inayoingia chini ya mlango. Bega la kulia likashuka, kisha la kushoto. Uso wake ukalegea, nikaona jinsi alivyokuwa amechoka.

"Sasa ni alfajiri," nikamwambia. "Mkono unaamka. Usiuzuie. Uache uende, ila uende polepole, kama mkono uliobeba sufuria ya maziwa ya moto. Tuutazame unatafuta nini."

Mkono wake wa kulia uliinuka kutoka pajani, taratibu, ukasimama hewani. Nilikuwa nimeona mikono ya wavuta sigara ikifanya hivyo mara nyingi. Huu ulinitia simanzi.

"Unatafuta nini?"

"Salamu," alisema, macho yamefumba.

"Salamu ya nani?"

"Ya kuniuliza nimeamkaje. Hakuna mwingine anayeniuliza."

Machozi yakashuka mashavuni. Sikumpangusa. Nilimwambia mkono umechoka, sasa unaweza kushuka kifuani kwake ukapumzika, na kila alfajiri utakapoinuka kuitafuta salamu utakuja hapo kwanza, upumzike hapo, na yeye aseme kwa sauti yake yale ambayo angemjibu mwanawe. Mkono ukashuka kifuani. Kwa sauti ndogo akasema ameamka salama, ng'ombe ni mzima, mvua bado. Tukabaki hivyo. Kisha nikamrudisha chumbani, akafumbua macho, akaomba maji.

Kabla hawajaondoka nilimwomba ruhusa nimwambie Gideoni kuhusu salamu. Akaitikia kwa kichwa. Gideoni aliposikia aliumia.

"Sista, mimi mama namsalimia kila siku ya Mungu!"

"Unamsalimia ukiwa wapi?"

Alikuwa mtu mwaminifu. "Nikiwa juu ya pikipiki," alisema. "Nimeshawasha."

Msidhani mambo yalinyooka siku ile. Kesho yake mkono ulikuja kifuani. Siku iliyofuata ulikwenda dukani. Mama Joyce alirudi kwangu amejiinamia, akisema ameshindwa, na mimi nikamwambia njia hiyo ameikanyaga tangu mazishi, haiwezi kuota nyasi kwa usiku mmoja. Tukarudia. Nikamfundisha kujituliza mwenyewe nyumbani bila mimi, kwa sababu mnasihi mwema huwafundisha watu kutomhitaji. Gideoni alianza kuzima pikipiki kila asubuhi, akaingia jikoni na kukaa kwenye kigoda mpaka chai iive.

Lakini kulikuwa na nyumba ya watu imevunjika, na hilo halitulizwi kwa kupumua. Mama Joyce ndiye aliyelisema. "Nipeleke kwa yule mwanaume," alimwambia Gideoni. Wakaniomba niwasindikize.

Tulimkuta Hamisi barazani Kaloleni, cherehani mbele yake, kipande cha kitambaa cha shule kikiwa chini ya sindano. Cherehani ya pili kando yake ilikuwa imefunikwa. Alipoona wanawake wawili watu wazima na mkungu wa ndizi alisimama.

"Shikamooni mama zangu. Karibuni. Mnashonesha?"

"Marahaba baba," Mama Joyce alisema. Hakukaa. "Mimi ndiye niliyekuwa nampigia mke wako."

Hamisi alimtazama yeye, akamtazama Gideoni aliyesimama nyuma, uso ukabadilika. Mama Joyce akaendelea kwa Kiswahili chake cha mlimani, akichagua neno moja moja. Alimweleza Joyce alikuwa nani, alivyokufa, na namba ilikuwa ya nani. Alimweleza ile asubuhi simu ilipoita. Hamisi alikuwa amekaa tena, mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Mbona hukusema neno, mama?" aliuliza. "Neno moja tu. Ungesema nimekosea namba, yote haya yasingetokea."

"Sikuwa nimekosea," Mama Joyce alisema. "Niliyemtaka siye aliyepokea. Ningemwambia nini?"

Hamisi aliinamisha kichwa. Watu wa barazani jirani walikuwa wameacha maongezi. Akasema, kama anaongea na kile kitambaa, "Aliniambia hamjui anayepiga. Aliapa. Sikumwamini."

"Basi nenda ukamwambie," Mama Joyce alisema. "Mimi nimekuja kwako, na wewe nenda kwake."

Alikwenda Kondoa. Zuhura hakurudi naye upesi, na sikumlaumu. Alimwacha mumewe arudi peke yake, kisha aje tena kumwomba. Ilikuwa baada ya mvua za vuli ndipo aliporudi Kaloleni, na jambo la kwanza alilotaka ni kumwona mama aliyekuwa akimpigia. Alikuja Usa River na Hamisi, msichana mwembamba, ushungi wa rangi ya zambarau. Alimwamkia Mama Joyce, akapiga magoti kumshika mikono.

"Mama, ile namba sijaibadilisha," alisema. "Nilitaka kuivunja ile laini, nikashindwa. Mimi mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, huko Kondoa nimelelewa na mama mdogo. Wewe piga tu. Alfajiri mimi huwa macho. Nitaitikia, nitakuuliza umeamkaje."

Wanangu, katika kazi yangu sijapata kuona wema uliokuwa mgumu kama ule. Kila tulichokijenga kilikuwa kinaweza kubomoka pale, na kwa upendo. Nilitaka kuingilia kati. Nikauma ulimi, kwa sababu swali halikuwa langu.

Mama Joyce alimshika yule binti kichwa kwa mikono yote miwili, juu ya ushungi. Alimtazama sana.

"Hapana mwanangu," alisema. "Nikikupigia nitakuwa nakufanya mtu mwingine. Wewe una jina lako. Siku nikikupigia, nitapiga mchana, nimwulize Zuhura."

Zuhura akalia. Hamisi alitoka nje akasimama na Gideoni kwenye migomba, na niliwaona kupitia dirishani wakipeana mikono.

Wiki zikapita. Asubuhi moja, kabla sijafungua chumba, nilimkuta Mama Joyce amekaa kwenye ngazi. Nilidhani mkono umerudi dukani.

"Leo haukwenda," alisema. "Wala haukuinuka. Niliamka, nikawasha moto, nikachemsha maji, nikaita Gideoni chai tayari. Ndipo nikakumbuka kwamba sijakumbuka."

Mtu akiacha sigara mimi humwambia hongera. Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Nilipomtazama usoni nikalimeza.

"Pole sana, Mama Joyce," nikamwambia.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kilio cha msiba, kile cha kujishika tumbo, ambacho Gideoni aliniambia baadaye kwamba hakukisikia hata siku ya mazishi. Nilikaa naye pale kwenye ngazi mpaka jua likatufikia miguuni. Vitabu vitawaambia kwamba tabia ikivunjika kazi imekwisha. Kwa wengine ni kweli. Kwa mwingine tabia ndiyo iliyokuwa imezuia ukuta usimwangukie, na ukiiondoa ni lazima wewe uwe pale.

Alipotulia aliniomba nipande naye nyumbani kwao. Gideoni akatupeleka. Tulipita nyumba, tukapita zizi, tukashuka kwenye migomba nyuma ya jiko. Kaburi la Joyce lilikuwa pale, msalaba wa saruji, na magugu yamelifunika mpaka kwenye jina.

"Tangu siku ile sijafika hapa," Mama Joyce alisema. "Mtu unayempigia simu kila siku hawezi kuwa hapa."

Gideoni alikimbia kuleta jembe. Mama yake akamwambia aliweke, hapa panang'olewa kwa mkono. Akapiga magoti, akaanza upande wa kichwani. Nikapiga magoti na mimi, magoti yangu haya ya uzeeni, na Gideoni upande wa pili. Hatukuongea. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani, udongo ulikuwa na unyevu, magugu yaling'oka na mizizi yake. Tulikuwa tumefika katikati Mama Joyce aliposimama kidogo kupumzisha mgongo, akatazama tulipobakiza.

"Alikuwa mvivu wa kupalilia, mtoto huyu," alisema.

Gideoni aliacha mikono kwenye udongo. Kwa muda wote niliomjua, mama yule alikuwa akisema Joyce anapenda hiki, Joyce hataki kile, kama vile bado yupo. Kisha Gideoni akamjibu mama yake.

"Na wewe ulikuwa unammalizia mistari yake, baba asijue."

"Nilikuwa namalizia," Mama Joyce alisema, akacheka kidogo huku analia, akainama tena, na sisi tukainama, tukaendelea kung'oa.